Kinanda Kilichofunzwa Kiburma

Anayeusikiliza muziki wa Burma, nchi inayoitwa leo Myanmar, kwa mara ya kwanza hushangazwa na ngoma, na ana haki. Katika kundi la hsaing waing, mpigaji mkuu huketi ndani ya duara la ngoma 21, kila moja na sauti yake, akazipigia nyimbo kwa mikono mitupu. Katikati ya ngozi ya kila ngoma hubandikwa donge la wali uliopondwa pamoja na majivu: likiongezwa sauti hushuka, likipunguzwa hupanda. Kando yake huwapo duara la patu, zumari iitwayo hne, na matuazi madogo yanayoshika mapigo. Mimi, hata hivyo, baada ya miaka mingi ya kuusoma muziki huu, nikitakiwa kuueleza huanza na kinanda, yaani piano.

Katika karne ya 19 vinanda vya Ulaya vilifika katika kasri la Mandalay. Wanamuziki hawakujishughulisha sana na namna Wazungu walivyovipiga. Walikuwa tayari na pattala, marimba yenye vibao 24 vya mianzi, ambayo hupigwa kwa vijiti viwili vinavyogawana wimbo mmoja, kimoja kikikatiza na kingine kikijibu, na wakaihamishia mbinu hiyo kwenye kinanda. Kwa hiyo katika sandaya, kama wanavyokiita kinanda, mkono wa kushoto haukai chini ukiusindikiza wa kulia kwa mafungu ya sauti, bali mikono yote miwili hufukuzana juu ya wimbo uleule. Wapo waliovirekebisha vinanda vyenyewe vifuate sauti saba za Kiburma, ambazo nafasi baina yake hazilingani na zile za Ulaya. Baadaye mambo yakageuka kidogo: ala za kizungu zilipoenea, sauti za hsaing waing nazo zikaanza kuzikaribia, na masikio ya wazee huitambua tofauti hiyo upesi.

Kupokea namna hii hakukuanza na Wazungu. Jeshi la Burma lilipouangusha mji wa Ayutthaya, mji mkuu wa Siam (Thailand ya leo), mwaka 1767, mateka wa Siam waliletwa pamoja na nyimbo na michezo yao, na kutokana nayo ukazaliwa mtindo wa yodaya, ambao leo ni sehemu ya Mahagita, hazina ya nyimbo za kale ambazo kila mwanafunzi makini huzihifadhi kichwani. Kati ya watunzi wa yodaya alikuwamo Myawaddy Mingyi U Sa, waziri na mwanajeshi, ambaye hutajwa pia kuwa ndiye aliyeongeza nyuzi za saung gauk, kinubi cha upinde, kutoka 7 hadi 13. (Msomaji wa Uganda akikiona kinubi hicho atakumbuka ennanga ya Baganda, maana umbo ni la jamaa moja.)

Mwaka 1885 Waingereza walimwondoa Mfalme Thibaw na kumpeleka uhamishoni India. Wanamuziki waliokuwa wakitunzwa na kasri ikabidi wategemee watazamaji wa mijini, kisha santuri na sinema, na nyimbo zikawa fupi zaidi.

Baada ya mapinduzi ya Jenerali Ne Win mwaka 1962, redio ya serikali haikupenda muziki wa magitaa ya umeme, lakini vijana waliurekodi katika studio za watu binafsi na kuusambaza kwa kanda, ukaitwa “stereo”. Hapo ndipo ilipostawi copy thachin, yaani tuni ya kigeni iliyotiwa maneno ya Kiburma. Wakosoaji wengi huiita wizi. Kuhusu haki za watunzi siwezi kuwapinga, ila naona wanasahau kwamba yodaya nayo ilianza kwa kuchukua cha wengine, na kwamba kutunga maneno kwa lugha yenye toni, ambamo kupanda au kushuka kwa sauti hubadili maana ya neno, juu ya tuni isiyoijua, si kazi ya mvivu.

Mashairi ya kanda hizo yalipaswa kupita kwa wakaguzi wa serikali kabla ya kutolewa, utaratibu uliodumu hadi mwaka 2012. Wimbo uliowashinda wakaguzi hao ni Kabar Ma Kyay Bu wa Naing Myanmar, uliotungwa wakati wa maandamano ya kuipinga serikali mwaka 1988 kwa tuni ya Dust in the Wind ya bendi ya Marekani, Kansas. Jeshi liliponyakua madaraka Februari 2021, vijana ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka ule waliuimba barabarani kwa moyo, neno kwa neno.