Fotovoisi: kamera mkononi mwa mwenye maisha yake

Mgeni akifika kijiji cha Kilolo, Iringa, na kamera shingoni, watu hujiandaa. Mama anabadili kanga, watoto wanafutwa makamasi, wote wanasimama wima kama wanapigwa picha ya kitambulisho. Picha inatoka safi na haisemi kitu. Fotovoisi inageuza mambo: anayeshika kamera ni mama, mgeni anakaa kusikiliza.

Jina limeungwa kutoka maneno ya Kiingereza ya picha na sauti. Njia hii ya utafiti, ambayo wanajamii wenyewe hupiga picha za maisha yao kisha kuzijadili, iliasisiwa na Caroline Wang na Mary Ann Burris, waliofanya kazi na wanawake wa vijijini katika jimbo la Yunnan, China, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Siku hizi hata kamera si lazima. Simu ya tachi inatosha.

Kwa nini tuhangaike nayo huku nyanda za juu? Chukua udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake kwa sababu ya lishe duni. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni kama 30. Iringa hii hii ya mahindi, maharage na njegere! Takwimu inakuambia wangapi. Haikuambii saa tano asubuhi nyumba ile kuna nani.

Sasa tuseme kina mama kumi wanaombwa wapige picha za siku yao kwa wiki moja. Mmoja analeta picha ya sufuria ya uji uliopoa, pembeni binti wa miaka saba amembeba mdogo wake mgongoni. Ukiitazama juu juu utasema mama mzembe. Lakini kazi ya fotovoisi haijaanza bado, maana picha ni kisingizio tu cha mazungumzo. Kikundi kinakaa na kuulizana: Tunaona nini hapa? Hasa kinatokea nini? Kinahusianaje na maisha yetu? Kwa nini hali iko hivi? Tufanye nini? Swali la nne ndilo linalokula muda. Hapo ndipo inajulikana kwamba mama yuko shambani tangu alfajiri, na kwamba maharage yaliuzwa yote msimu ulipoisha ili kulipa deni la mbolea. Uzembe uko wapi tena?

Baadaye picha na maelezo yake hubandikwa kwenye mkutano wa kijiji au hupelekwa halmashauri. Bila hatua hiyo umebaki na albamu.

Ridhaa nayo si mapambo. Aliyemo pichani aulizwe, mzazi aulizwe kwa niaba ya mtoto, na kila mmoja awe na haki ya kusema picha yangu isitoke. Nimeona miradi inayokusanya picha za watu, kisha wenyewe hawazioni tena. Huo ni upigaji picha wa kawaida, hata ukiitwa jina gani.

Kuna pia picha ambazo hazikupigwa. Mama alitaka kumpiga picha mumewe akiwa kilabuni na lita ya ulanzi, pombe ya mianzi, akaogopa. Msimamizi mzuri huuliza hata hiyo: ipi ulitaka kuipiga ukashindwa, na nini kilikuzuia? Mara nyingi hapo chumba kinanyamaza kwanza, halafu wanaanza kuongea wote kwa pamoja.