Ulinganifu wa molekuli: bashiri kwanza, ndipo ubonyeze

Methani ikichorwa ubaoni huonekana kama msalaba wenye pembe za nyuzi 90. Pembe zake halisi ni nyuzi 109.5, na hapo ndipo wanafunzi wengi wanapopotea: wanatafuta ulinganifu (mizunguko na uakisi unaoiacha molekuli ikionekana vilevile) wa kitu chenye vipimo vitatu kwenye karatasi bapa. Mtandaoni zipo nyenzo za bure zinazokuwezesha kuigeuza molekuli upendavyo.

Ningeanza na PhET, mradi wa vielelezo vya sayansi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, ulioasisiwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia. Fungua kielelezo cha maumbo ya molekuli, nenda kwenye molekuli halisi, chagua maji, kisha washa pembe. Muundo wa kinadharia unaonyesha nyuzi 109.5, ukihamia ule halisi, pembe inashuka hadi 104.5. Usiipite haraka tofauti hiyo. Jozi mbili huru za elektroni za oksijeni, yaani zisizo kwenye kifungo chochote, hutaka nafasi kubwa kuliko jozi zilizo kwenye vifungo, kwa hiyo huvibana vifungo visogeleane. Vielelezo hivi hupakuliwa na kutumika hata bila intaneti.

Kwa ulinganifu wenyewe, sijaona nyenzo inayofaa wanaoanza kuliko Symmetry@Otterbein, tovuti ya Chuo Kikuu cha Otterbein, Ohio. Chukua maji tena. Kuna mhimili mmoja unaopita kwenye oksijeni; izungushe molekuli nyuzi 180, haidrojeni zitabadilishana nafasi na hutajua kama imeguswa. Kuna mabapa mawili ya kioo, yaani yanayoigawa molekuli ili upande mmoja uwe taswira ya mwingine: moja limebeba atomu zote tatu, jingine linapita katikati ya haidrojeni mbili. Ongeza tendo la kuiacha ilivyo, ambalo husahaulika sana kwenye mitihani, upate matendo manne ya kundi C2v, jina ambalo wanakemia huipa seti hii ya matendo.

Programu itakuonyesha hayo yote kwa kubonyeza tu, na hiyo ndiyo hatari yake. Andika kwanza mihimili na mabapa unayodhani yapo, ndipo uiruhusu ikusahihishe.

Faida huonekana upesi kwenye vifungo. Katika dioksidi ya kaboni, oksijeni zote mbili huvuta elektroni kuelekea kwao, lakini molekuli imenyooka, hivyo mivuto hufutana na dipoli (hali ya upande mmoja kuwa na chaji hasi kidogo na mwingine chanya) ni sifuri. Maji yamepinda, mivuto haifutani, na dipoli yake ni 1.85 kwa kipimo cha debye. Ulinganifu unakueleza ipi ina dipoli na ipi haina kabla hujashika kikokotoo.

Ila vijiti unavyoviona kwenye skrini si vifungo. Kifungo ni elektroni zinazoshirikiwa. Ukitaka kuona obitali, yaani maeneo ambamo elektroni huelekea kupatikana, Avogadro, programu huria ya kompyuta, huzichora, lakini sharti uipe faili la matokeo ya ukokotoaji kutoka programu nyingine. Mwanzoni itumie kujengea molekuli tu.