Je, wajua kwa nini mkutubi hudhaniwa kuwa mlinzi wa kabati?

Muulize mtoto wa Kirumba au Nyegezi, hapa Mwanza, mkutubi hufanya kazi gani, naye ataweka kidole mdomoni: shiii! Ukimdadisi zaidi atataja funguo, leja na muhuri. Sisi watu wazima hatumzidi sana. Neno lenyewe hatulitumii, tunasema "yule mama wa maktaba", na tukiambiwa kwamba kazi hiyo inasomewa, hadi kuna chuo cha ukutubi Bagamoyo, tunashangaa: "Kumbe?"

Kwa huku kwetu naamini sura hiyo ilizaliwa shuleni. Wengi wetu hatukukutana na mkutubi kwanza. Tulikutana na mwalimu wa Historia au Kiswahili aliyekabidhiwa chumba cha vitabu juu ya vipindi vyake. Shuleni kwetu kabati lilifunguliwa Ijumaa mchana, na mwalimu akiwa safarini, basi hadi Ijumaa nyingine. Tulimwona mchoyo. Nilikuja kuelewa ukubwani: vile vitabu vilikuwa mali ya umma, kila kimoja kimeandikwa kwenye leja, na kimoja kikipotea anayeulizwa ni yeye. Mtu aliyekabidhiwa mzigo wa kutopoteza, asifundishwe kazi ya kuazimisha, atafunga mlango. Nami ningefunga. Ulaya ya zamani walivifunga vitabu kwa minyororo kwa hofu hiyohiyo ya kupoteza, maana vilikuwa ghali, na kwenye kanisa kuu la Hereford, Uingereza, maktaba ya minyororo ipo mpaka leo.

Sura nyingine, ya bibi mwenye miwani na nywele zilizofungwa kisogoni, tumeipata kwenye sinema. Hiyo ina asili yake Marekani. Mwaka 1887 mkutubi Melvil Dewey alifungua shule ya ukutubi katika Chuo cha Columbia, New York, akapokea wanawake wakati chuo chenyewe kilikuwa cha wanaume. Wanawake wakaingia kwa wingi katika kazi hiyo, kwa mishahara midogo kuliko ya wanaume, na wachora vibonzo wakapata mtu wa kumcheka.

Ulinzi wenyewe si aibu, lakini. Mwaka 2012, watu wenye silaha walipoiteka Timbuktu, mji wa kale nchini Mali, mkutubi Abdel Kader Haidara na wenzake waliyatorosha maandiko ya kale kwa maelfu. Waliyapakia kwenye masanduku ya bati, yaleyale tunayoyajua sisi tuliosoma bweni, wakayapitisha kwa magari na kwa mitumbwi ya mto Niger hadi Bamako, mji mkuu. Wangekamatwa, wangelipa kwa maisha yao.

Ila neno mkutubi halina ulinzi ndani yake. Limetokana na kutub, yaani vitabu kwa Kiarabu, na mzizi huo umetuzalia pia maktaba, katibu, katiba na mkataba. Ni ukoo wa maandishi. Tunachokosa kukiona ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ya mkutubi huwa imekwisha kabla hujavuka mlango.

Chukua sangara. Maktaba nyingi za umma hupanga vitabu kwa namba alizozitunga Dewey huyohuyo mwaka 1876. Kitabu kinachoeleza samaki alivyo na anavyoishi huenda 597. Kikiwa cha uvuvi wa biashara ni 639.2, cha kufuga samaki ni 639.3. Kiwanda cha minofu kina 664.94, na sufuria ya mama ntilie imo 641. Samaki mmoja, rafu tano! Sasa kinakuja kitabu kilichoandikwa "Samaki" tu kwenye jalada. Lazima mtu akifungue, akisome vya kutosha, aamue kitahitajiwa na nani. Akikosea namba, kitabu kimepotea na huku kimo ndani ya jengo. Kazi hiyo hufanyika kimya, kwenye meza ya nyuma. Sisi tunaona muhuri tu.

Ufundi ninaouheshimu kuliko wote, hata hivyo, ni ule wa kuuliza. Nilikuwa kwenye maktaba moja hapa mjini, kijana akaingia, viatu vina magamba ya samaki.

"Shikamoo mama. Naomba kitabu cha samaki."

"Marahaba mwanangu. Samaki wa kuvua, wa kufuga, au wa mtihani?"

Kijana akacheka kwa aibu. "Wa kufuga."

"Bwawani au ziwani?"

"Ziwani mama, kwenye vizimba. Tuko watano, tunataka kuanza na sato."

"Mnajua kutengeneza kizimba, au mnataka kujua kama kitalipa?"

Hapo kijana alikaa kimya, kisha akavuta kiti. Kumbe shida yao ilikuwa hesabu: chakula cha samaki kitakula kiasi gani cha mtaji kabla ya kuvuna. Angepelekwa moja kwa moja kwenye rafu ya samaki, angerudi nyumbani na kitabu kizuri cha mapezi na matamvua. Wakutubi hufundishwa kuuliza hivyo, kwa sababu swali la kwanza la msomaji aghalabu si lile analolihitaji. Mkutubi wa India, S. R. Ranganathan, aliandika mwaka 1931 kanuni tano za kazi hii. Ya kwanza ni kwamba vitabu ni vya kutumiwa, na ya nne ni kuokoa muda wa msomaji. Kunyamazisha watu hakumo.

Kijana aliondoka na vitabu viwili, kimoja cha ufugaji, kingine cha utunzaji wa hesabu za biashara ndogo. Cha gharama za chakula cha sato hakikuwepo. Yule mama alitoa daftari la kawaida kwenye mtoto wa meza, akaandika tarehe, kisha: "chakula cha sato, vizimba, gharama." Juu ya mstari huo palikuwa na mistari mingine mingi, yote ya vitu ambavyo watu waliviulizia wakavikosa. Nikamuuliza anaiandikia nini. Akasema siku wakiulizwa waagize vitabu gani, hataki kubahatisha.