Kukaza ngozi kwa mawimbi ya redio: joto linafanya nini chini ya ngozi

Kukaza ngozi kwa mawimbi ya redio ni matibabu yanayotumia umeme wa masafa ya juu kupasha joto tabaka la ndani la ngozi bila kuipasua, ili nyuzi za kolajeni zilizomo zijikunje na mwili uamke kutengeneza nyingine mpya. Maana yake kwa ufupi ndiyo hiyo. Lakini humo ndani mna jambo ambalo matangazo mengi hulipita mbio, na bila hilo mtu hawezi kuamua kwa akili yake kama huduma hii inamfaa: mashine haikazi ngozi. Mashine inapasha joto, basi. Kazi kubwa ya kukaza inafanywa na mwili wenyewe unapojitibu, na kazi hiyo huchukua miezi. Ndiyo maana picha iliyopigwa mtu akiwa bado kitandani haithibitishi chochote. Uso unaoonekana umejaa na kunyooka saa ile huwa kwa sehemu kubwa umevimba kidogo kwa sababu ya joto, na uvimbe huo hushuka baada ya siku chache.

Ngozi tunayoiona na kuigusa, yaani tabaka la juu, ni nyembamba mno. Usoni unene wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Ngozi hailegei kwa sababu ya tabaka hilo. Inalegea kwa sababu ya tabaka lililo chini yake, dermisi, ambalo ndilo linaloipa ngozi umbo na uimara. Ukiikausha dermisi na kuipima, takriban robo tatu ya uzito wake ni kolajeni, protini ya nyuzi ngumu. Pamoja nayo kuna elastini, ambayo huirudisha ngozi mahali pake ikivutwa. Chini zaidi kuna mafuta, yaliyogawanywa na kuta nyembamba za nyuzi zinazoishikilia ngozi kwenye tishu za chini.

Tangu mwanzo wa utu uzima mwili huanza kupoteza kolajeni polepole, kiasi kinachokadiriwa kuwa asilimia 1 kwa mwaka. Kwa wanawake kasi huongezeka sana hedhi inapokoma: ndani ya miaka 5 ya kwanza ngozi inaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni yake. Jua na sigara huharakisha uharibifu huo kwa watu wote. Krimu ya kupaka haifikishi joto huko chini, na ukitaka kuipasha moto dermisi kutokea nje, kwa kitu cha moto, utaunguza tabaka la juu kabla ya kufika unakotaka. Mawimbi ya redio yanakwepa kikwazo hicho.

Vifaa vingi vya ngozi hufanya kazi kati ya megahezi 0.3 na 10, ingawa vipo vinavyozidi hapo. Maana yake ni kwamba umeme unaopita mwilini hubadili mwelekeo mara mamia ya maelfu hadi mamilioni kila sekunde. Umeme wa kasi hiyo haumpigi mtu shoti. Mfaransa Arsène d'Arsonval alilionyesha hilo mwanzoni mwa miaka ya 1890: masafa yakipanda vya kutosha, misuli na mishipa ya fahamu haipati nafasi ya kuitikia, na kinachobaki ni joto. Mwaka 1926 huko Boston, daktari wa upasuaji wa ubongo Harvey Cushing alianza kutumia kifaa kilichobuniwa na William Bovie kukata tishu na kuziba mishipa ya damu kwa umeme wa namna hiyo. Vyumba vya upasuaji vinautumia hadi leo. Kwa hiyo teknolojia si ngeni. Kilichobadilika ni kwamba badala ya kukata, joto linashushwa na kudhibitiwa ili lichochee bila kuua.

Ndani ya ngozi kuna maji, na ndani ya maji kuna chumvi zilizogawanyika kuwa ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Umeme unapogeuka huku na huku, ioni hizo hulazimika kusogea nao, na molekuli za maji hujigeuza kuufuata. Zinasuguana, na tishu inaukinza mwendo huo. Nguvu iliyokinzwa hugeuka kuwa joto. Joto basi linazaliwa ndani ya tishu yenyewe, halitoki kwenye ncha ya mashine. Katika baadhi ya vifaa ncha hiyo ni baridi kabisa: inapulizia gesi ya kupoza kabla, wakati na baada ya kila mpigo, hivyo tabaka la juu linabaki salama huku la chini likipata moto. Mgonjwa husikia ubaridi, halafu moto kutoka ndani, halafu ubaridi tena.

Kiasi cha joto hutegemea nguvu ya mkondo, muda wake, na ukinzani wa tishu. Mafuta yana ukinzani mkubwa kuliko dermisi au misuli, na kila mtu ana unene wake wa ngozi na kiasi chake cha maji. Ndiyo maana kipimo kilichomfaa mmoja kinaweza kumuunguza mwingine au kisimguse kabisa, na mtoa huduma anayeweka namba ileile kwa kila anayelala kitandani hajaielewa kazi yake.

Tofauti na leza nyingi, umeme huu hautafuti rangi. Leza hutegemea kitu cha kuinyonya, na mara nyingi melanini, rangi ya asili ya ngozi, hunyonya sehemu yake, hivyo mtu mweusi huwa katika hatari zaidi ya kuungua au kubaki na madoa. Mawimbi ya redio hayajali weusi wala weupe wa ngozi. Hii ni faida ya kweli. Haimaanishi kwamba mtu mweusi hawezi kuungua: akipashwa kupita kiasi ataungua kama yeyote, na jeraha lake litaacha doa jeusi kwa urahisi zaidi. Kuhusu hofu ya saratani, mawimbi haya hayana nguvu ya kuvunja vinasaba kama eksirei; hatari yake ni joto.

Sasa kolajeni yenyewe. Kila molekuli yake ni minyororo mitatu iliyosokotana na kushikiliwa na vifungo dhaifu. Joto linapofika vya kutosha, vifungo hivyo hukatika, msokoto hulegea, na uzi mzima hufupika na kunenepa. Umeshaiona hali hii: nyama ikiingia kwenye moto husinyaa, na kinachoivuta ni kolajeni hiihii. Tofauti ni kwamba nyama haina uhai wa kujirekebisha, na ngozi inao.

Kuna nyuzijoto ngapi zinazohitajika? Mara nyingi hutajwa 65, lakini namba hiyo peke yake haina maana bila muda. Kolajeni inaweza kufupika kwa sehemu ndogo ya sekunde kwenye joto kali, au kwa dakika kadhaa kwenye joto la chini zaidi. Kwa makadirio yanayotumika sana, ukishusha nyuzi 5 utahitaji muda wa mara kumi hivi kupata matokeo yaleyale. Ndiyo sababu kuna mitindo miwili. Mmoja hupiga mipigo mikali na mifupi huku ukipoza juu. Mwingine huenda taratibu: mtoa huduma anazungusha kichwa cha mashine juu ya jeli bila kusimama, akipima joto la uso wa ngozi mpaka lifike nyuzi 40 hadi 42 na kulishikilia hapo kwa dakika kadhaa. Akisimama mahali pamoja, hata kwa muda mfupi, anaunguza.

Kufupika huko kwa mara moja ni sehemu ndogo ya matokeo. Baada ya hapo mwili huona kuwa umeumia. Seli hutoa protini za kujikinga na joto, uvimbe mdogo huanza, na seli ziitwazo fibroblasti huitwa kazini. Hizi ndizo mafundi wa ngozi: huondoa nyuzi zilizoharibika na kuweka mpya, kwanza kolajeni laini, baadaye ile ngumu. Kazi hii huendelea kwa miezi 3 hadi 6. Mtu mwenye fibroblasti zilizochoka kwa umri, jua au sigara atapata kidogo kuliko mwenye ngozi inayoitikia vizuri, hata kama mashine ni ileile na mkono ni uleule.

Mashine hutofautiana kwa njia ambayo umeme unapita. Zile za elektrodi moja, yaani ncha moja ya kupitishia umeme, huweka ncha hiyo usoni na bamba la kurudishia umeme mgongoni au pajani. Mkondo unapenya ndani zaidi. Mojawapo, Thermage, iliruhusiwa nchini Marekani mwaka 2002 kwa mikunjo ya kuzunguka macho. Zile za elektrodi mbili huweka zote kwenye kichwa kimoja, na umeme huenda kina cha takriban nusu ya umbali kati yake, kwa hiyo hazifiki mbali lakini hudhibitika kirahisi. Aina ya tatu hutumia sindano ndogo zinazoingia milimita chache na kutoa joto kwenye ncha zake. Hii ina nguvu zaidi kwa makovu ya chunusi, lakini inatoboa ngozi, na wenye mwelekeo wa kupata makovu ya kuvimba wanapaswa kuijadili kwanza na daktari wa ngozi. Oktoba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari juu ya mashine za sindano baada ya kupokea taarifa za kuungua, makovu, kupotea kwa mafuta ya chini ya ngozi na kuumia kwa neva.

Kupotea kwa mafuta kunahitaji kusisitizwa, kwa sababu watu hawaambiwi. Joto likizidi kwenye mafuta, seli zake hufa na uso hubaki na shimo, na mtu aliyekuja kuondoa uzee hutoka anaonekana mzee zaidi. Matibabu ya mwanzo yalitumia nguvu kubwa kwa mizunguko michache na yakaleta matatizo hayo. Baadaye madaktari walihamia nguvu ndogo kwa mizunguko mingi, huku wakimuuliza mgonjwa anasikia moto kiasi gani. Maumivu hapo ni kipimo. Kwa mashine zisizo na sindano, kumtia mtu ganzi nzito mpaka asihisi kitu ni kuondoa kengele ya hatari.

Anayefaa ni mwenye ngozi iliyoanza kulegea: mstari wa taya uliopoteza ukali kidogo, shingo iliyoanza kukunjamana. Ngozi iliyoning'inia kwa wingi haitarudi kwa joto. Hiyo ni kazi ya upasuaji, na anayeahidi vinginevyo anauza ndoto. Asiyefaa kabisa bila ruhusa ya daktari wake ni mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, kwa kuwa umeme huu unaweza kukivuruga. Wajawazito huahirisha, vivyo hivyo mwenye maambukizi au kidonda mahali husika, na mwenye chuma kilichowekwa eneo hilo lazima aseme kabla ya kulala kitandani.

Wekundu na uvimbe wa saa chache hadi siku mbili tatu ni kawaida. Malengelenge, ganzi isiyoisha, au sehemu inayozama wiki chache baadaye si kawaida, na ni za kupelekwa kwa daktari mapema. Matokeo yenyewe yapimwe kwa picha mbili zilizopigwa kwenye mwanga mmoja, kichwa kikiwa kimeinama kwa kiwango kilekile, moja kabla na nyingine baada ya miezi 6. Mabadiliko yakiwepo, kwa kawaida hudumu mwaka mmoja hadi miwili, kwani ngozi inaendelea kuzeeka huku kolajeni mpya ikiwekwa.