Je, wajua kwa nini mlima unaweza kurukaruka machoni baada ya upasuaji wa moyo?

Mama yangu mdogo alirudi Kibosho, chini ya Mlima Kilimanjaro, na valvu mpya (kilango cha damu) moyoni na kovu refu kifuani. Moyo ulipiga vizuri kuliko ulivyopiga kwa miaka mingi. Asubuhi ya kwanza aliyotoka kwenda kuwafungulia kuku, alisimama katikati ya kihamba, shamba letu la nyumbani, akashika mgomba, akaniambia, "Mwanangu, mbona Kibo inarukaruka?" Akisimama, mlima unatulia. Akipiga hatua, unaruka tena.

Sote tulisema ni unyonge wa kulala hospitali. Tulikosea, na tulikosea kwa miezi.

Jaribu hapo ulipo. Tuliza kichwa, kisha itikise simu haraka kulia na kushoto: maandishi yanavurugika. Sasa itulize simu, utikise kichwa kwa kasi ileile. Unasoma bila shida. Kazi hiyo inafanywa na sikio. Ndani kabisa ya mfupa kuna mirija mitatu iliyopinda, imejaa maji, pamoja na vifuko viwili vyenye chembe za chokaa. Kichwa kikigeuka, maji hubaki nyuma kidogo na kuinamisha vinyweleo vya seli ndogo sana. Seli hizo hupeleka habari, na macho hugeuzwa upande wa pili kwa takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Ndiyo maana wewe unatembea na dunia imetulia.

Mama mdogo seli hizo zilikufa, masikio yote mawili. Zilizoziua ni sindano za jentamaisini, antibayotiki iliyotambuliwa mwaka 1963 kutoka kwa bakteria wa udongoni, ndugu wa streptomaisini ya kifua kikuu. Baadhi ya hospitali huitoa muda mfupi kabla ya kisu ili vijidudu visipate nafasi moyoni. Valvu ikiambukizwa, sindano hizo huendelea kwa siku nyingi. Ni dawa ya bei nafuu na imeokoa watu wengi, watoto wachanga wakiwemo, wala sitaki mtu aikimbie anapoihitaji. Ila huingia kwenye seli za sikio kupitia matundu yaleyale ambayo seli hutumia kuhisi mwendo, na ikishaingia inaweza kukaa humo miezi. Mgonjwa wa moyo ana mzigo wa ziada: mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji huweza kuzichosha figo, na figo ndizo zinazoitoa dawa hii mwilini.

Kuku wale aliokwenda kuwafungulia, seli zao za sikio zikiharibika, huota upya. Kwa binadamu hazirudi kiasi cha kumfaa.

Na kwa nini haikugundulika mapema? Kwa sababu hakupata kizunguzungu. Sikio moja likiharibika ghafla, ubongo hupokea habari zinazopingana na nyumba huzunguka. Yote mawili yakizimika pamoja, hakuna kinachopingana. Kuna ukimya tu. Tena alikuwa anasikia vizuri, maana jentamaisini mara nyingi hupiga mizani ya mwili kabla ya usikivu. Kipimo cha kusikia kilitoka safi, na tukarudishwa nyumbani.

Aliyelijua tatizo ni daktari wa masikio hapa Moshi mjini. Alimshika kichwa kwa mikono miwili, akamwambia aitazame pua yake yeye daktari, kisha akakigeuza kwa ghafla. Macho yaliyo mazima hubaki puani. Ya mama mdogo yalikwenda pamoja na kichwa, kisha yakaruka kurudi. Haikuchukua hata dakika moja.

Mwaka 1952 daktari mmoja wa Marekani aliyeumizwa na streptomaisini alieleza katika jarida la kitabibu kwamba hata mapigo ya moyo wake yalitosha kuzirusha herufi, hivyo ili asome alibana kichwa katikati ya vyuma vya kitanda. Nilipomsimulia mama mdogo, alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe siko peke yangu."

Sasa anasimama kwa macho na kwa nyayo. Umeme ukikatika, macho hayapo. Njia ikiwa na tope laini, nyayo zinadanganywa. Vikikutana vyote viwili, anaanguka. Kwa hiyo tochi haikosi mfukoni, na kando ya mfereji hapiti usiku. Kuzama majini ni marufuku kabisa, kwa kuwa chini ya maji asingejua juu ni wapi. Kwenye kadi yake ya hospitali tumeandika kwa kalamu nyekundu: asipewe tena dawa za jamii ya jentamaisini.

Dawa ya kuzirudisha seli haipo. Yapo mazoezi. Kila asubuhi anasimama mbele ya kalenda jikoni, anakaza macho kwenye tarehe moja, na kutikisa kichwa taratibu kulia na kushoto. Mwanzoni alimudu sekunde tano, kisha anakaa chini akiwa na kichefuchefu. Juzi nilimhesabia hadi arobaini, mkono mmoja ukiwa bado umegusa meza.