Mashuke si ufagio: ninayochoka kuyasikia kuhusu nyota za udongo

Wiki iliyopita mama mmoja alinitumia picha ya meza ya mumewe. Risiti zimetapakaa, nyaya za chaja zimesukana, vikombe viwili vya chai vimekauka chini. Akaandika: "Mwalimu, huyu kazaliwa tarehe 5 Septemba. Mashuke gani huyu? Au mama mkwe alinidanganya tarehe?"

Ni mteja wa nne mwezi huu. Wa kwanza alikuwa binti aliyejilaumu kwa kuwa chumba chake hakipangiki, wa pili kijana aliyemwacha mchumba kwa sababu "nyota yake haiendani na uchafu". Dhana hii ya kwamba Mashuke, mojawapo ya nyota tatu za udongo pamoja na Ng'ombe na Mbuzi, ni mtu wa ufagio na sabuni imeniudhi miaka mingi kuliko nyingine yoyote, na leo nataka niishughulikie ipasavyo.

Tuanze na jina, maana Kiswahili kimetupa jibu tayari na hatulisikilizi. Wagiriki waliliita kundi hili la nyota Parthenos, Warumi wakaliita Virgo, yaani bikira. Waarabu wana majina mawili: Adhraa, ambaye ni huyo huyo bikira, na Sumbula, ambalo ni suke la nafaka. Sisi tulilipokea la pili, tukasema Mashuke. Na suke ndilo kongwe. Wababeli waliliita eneo hilo la mbingu Mfuo, ule mstari unaochimbwa na jembe ili mbegu ishuke, wakalihusisha na mungu wa kike Shala aliyeshika suke mkononi. Nyota inayong'aa kuliko zote katika kundi hilo inaitwa Spica, na neno hilo la Kilatini maana yake ni suke pia. Picha ya bikira asiye na doa ndiyo iliyozaa habari za usafi. Lakini hata huyo bikira, ukimtazama vizuri, ameshika nafaka.

Suke lina kazi zake. Linapurwa, linapepetwa, punje inakwenda huku na makapi kule. Hiyo ndiyo tabia ya Mashuke katika unajimu: kutenganisha. Mtawala wake ni Utaridi, sayari ya akili, hesabu na maneno, na katika mafundisho ya zamani Utaridi ndiyo sayari pekee yenye nyumba yake (nyota inayoitawala) na sharafu yake (nyota inayopata heshima ya juu) katika nyota moja, nayo ni hii. Kwa hiyo anayesoma Mashuke asitafute ndoo na dekio. Atafute ungo.

Nilimuuliza yule mama: karo za watoto anazikagua nani? Akajibu, "Yeye. Mwaka jana aligundua tumetozwa hela ya basi mara mbili." Nikamwambia, basi huyo ndiye Mashuke wako, meza muachie. Watu wa nyota hii wengi hawaoni vumbi kabisa, kwa sababu jicho lao liko kwenye kosa lililojificha ndani ya kitu: tarakimu iliyokosewa, nati iliyolegea, neno lisilokaa sawa kwenye mkataba. Nyumba inaweza kuwa kama soko na daftari lake likawa halina hitilafu hata moja.

Wapi basi usafi na mpangilio wa nyumbani? Ukinilazimisha, nitakupeleka kwa Ng'ombe kabla sijakupeleka kwa Mashuke. Ng'ombe anatawaliwa na Zuhura, anapenda shuka laini, harufu nzuri, chakula kilichoiva taratibu. Anasafisha ili akae vizuri. Mbuzi, aliye chini ya Zohali, atasafisha kwa sababu wageni wanakuja na jina la nyumba lisiharibike. Mashuke akishika ufagio, mara nyingi ana wasiwasi na kichwa kimejaa, na mikono inatafuta kitu kidogo kinachoweza kukamilika.

Hapo ndipo inapoingia dhana ya pili, kwamba nyota za udongo zote tatu ni mtu mmoja mwenye majina matatu. Weka magunia ishirini ya mahindi ghalani, uwaite wote watatu. Ng'ombe anaona chakula: tunakula mpaka msimu ujao, hatumwombi mtu. Atayakalia magunia hayo, na kumtoa hapo ni shughuli. Mbuzi anaona ploti, anauliza bei itapanda mwezi gani, na yuko tayari kulala na njaa miezi mitatu auze kwa faida. Mashuke anafungua gunia la saba, anatia mkono, anatoa punje zenye matundu. Dumuzi ameshaingia. Wenzake hawakuwa wavivu wala wajinga, ila hawakutia mkono.

Tofauti hiyo ina mizizi katika mpangilio wenyewe wa nyota. Unajimu huu ulipangwa na watu wa kaskazini ya ikweta, wenye majira manne. Jua huingia Mbuzi baridi inapoanza, kwa hiyo Mbuzi ni nyota ya kuanzisha. Ng'ombe anaangukia katikati ya machipuo, majira yakiwa yametulia, naye ni nyota ya kushikilia. Mashuke yuko ukingoni, kiangazi kinamalizika na vuli haijafika, ndiyo maana ni nyota ya kubadilika. Anajirekebisha kila saa, na anataka kukurekebisha na wewe. Huyo si mkaidi kama Ng'ombe. Mwonyeshe ushahidi, atabadili mawazo mezani hapo hapo. Jaribu hivyo kwa Ng'ombe uone.

Wanaoishi naye nawapa ushauri mmoja, na nitaendelea kuutoa hata mkiuchoka: msimwambie Mashuke "usijali". Neno hilo humfanya ajali maradufu. Mpe kazi yenye mwisho. "Hebu nihesabie hivi." "Hebu soma hii barua kabla sijaituma." Atapumua.

Ziko na dhana nyingine ninazosikia. "Mashuke hana moyo, ni mkosoaji tu." Zuhura, sayari ya mapenzi, huanguka katika Mashuke, yaani hapo hukosa nguvu zake, hilo ni kweli kwa mafundisho ya zamani, na wengi wakisoma neno kuanguka wanadhani ni kukosa mapenzi. Maana yake ni kwamba mapenzi yake hayaji na maua. Yanakuja na dawa uliyosahau kununua. Ukitaka ubaridi wa kweli, tazama Mbuzi aliyeudhika.

"Udongo kwa udongo ni ndoa kamili." Nyota hizi ziko umbali wa nyuzi 120 kwenye duara la nyota, umbali ambao wanajimu huuita mtazamo wa urahisi. Urahisi huo ni pamoja na urahisi wa kunyamaziana. Nimeona Mashuke na Mbuzi waliokaa miaka bila ugomvi na bila mazungumzo.

"Nyota zimebadilika, sasa mimi ni Simba." Hapana. Nyota za unajimu wa majira ni vipande 12 vya nyuzi 30, vinavyohesabiwa kuanzia ikwinoksi ya Machi, siku ambayo mchana na usiku hukaribia kulingana. Makundi ya nyota angani hayalingani ukubwa. Kundi la Mashuke ni la pili kwa ukubwa angani kote, na Jua hulipita kwa siku kama 45, tangu katikati ya Septemba hadi mwisho wa Oktoba. Hivyo ni vipimo viwili tofauti.

"Tumbo linanisumbua kwa sababu ni Mashuke." Hapa nakasirika. Ni kweli vitabu vya kale vilimpa Ng'ombe shingo, Mbuzi magoti, Mashuke utumbo. Lakini dada mmoja alikaa na maumivu miezi mingi akisema ni nyota, kumbe ni vidonda vya tumbo vinavyotibika. Nenda hospitali upimwe. Chati yangu haioni bakteria.

Na kwa kuwa tumefika hapo, niseme wazi jambo ambalo wenzangu wengi hulikwepa. Mwaka 1985 jarida la Nature lilichapisha jaribio la Shawn Carlson: wanajimu walipewa chati za watu, wakatakiwa kuchagua maelezo ya tabia yaliyo ya mtu huyo kati ya matatu. Hawakupata zaidi ya anayebahatisha. Mimi naupenda unajimu kama lugha ya kumfanya mtu ajitazame na ajisemee, na kwa sababu hiyo hiyo nakataa kusoma chati ya mfanyakazi kwa bosi anayetaka kumfukuza, au ya mchumba kwa wakwe wanaotafuta kisingizio.

Kuna na mkanganyiko wa kwetu pwani. Mtu alipigiwa nyota na babu akaambiwa ni Mashuke, amezaliwa Mei, anakuja kunishtaki. Hesabu ya abjadi huchukua jina lako na la mama yako, herufi zikageuzwa tarakimu, jumla ikagawanywa kwa 12, na kinachobaki ndicho namba ya nyota. Haina uhusiano na tarehe. Babu hakukosea.

Wanaokosea ni wanaojaza saa ya kuzaliwa kwenye programu za simu. Mama amesema "saa tatu asubuhi", mtoto anaandika 3:00. Ni 9:00. Saa sita zimepotea, na kwa kuwa nyota inayochomoza mashariki hubadilika takriban kila saa mbili, umeruka nyota kama tatu. Kisha unaniuliza kwa nini maelezo hayakufanani. Kabla hujaniandikia tena, mpigie mama. Asipokumbuka saa, muulize ilikuwa kabla au baada ya adhana gani, watoto walikuwa wameshakwenda shule, taa zilikuwa zimewashwa. Mama wengi hapo hukumbuka kila kitu.