Je, wajua kwa nini kilti humsumbua Mskoti kwenye ukaguzi kuliko angani?

Pita uwanja wa ndege wa Edinburgh au Glasgow siku ambayo timu ya taifa ya Uskoti inacheza ugenini, utawaona: wanaume wa kila rika, jezi ya buluu juu, kilti (ile sketi ya kiasili ya wanaume wa Uskoti) chini, soksi nene zimevutwa hadi karibu na magoti. Ni mashabiki wanaojiita Tartan Army. Walifurika Ujerumani kwenye Euro 2024, na Uskoti ilipofuzu Kombe la Dunia la 2026, mara ya kwanza tangu 1998, ikawa sasa ni kuvuka Atlantiki. Kwenda Munich ni saa mbili na kidogo. Kwenda Marekani ni saa saba au zaidi kwenye kiti kimoja, na hapo ndipo mtu husimama mbele ya kabati akijiuliza: niivae au niipakie?

Kilti kamili ya sufu hushonwa kwa yadi 8 za kitambaa, zaidi ya mita 7. Mbele ni bapa, pande mbili zikilaliana. Kitambaa kinachobaki hukunjwa marinda na kushonewa nyuma. Ile nzito hufika kilo 2 hivi. Msomaji wa pwani aliyezoea kikoi asidanganyike. Kikoi unakifunga na kukilegeza upendavyo, lakini kilti hukatwa kwa kipimo cha mwenyewe na kufungwa kwa vijimkanda vya ngozi vyenye bizimu, kwa kawaida vitatu.

Mwingine atasema avae suruali, yaishe. Si rahisi hivyo. Baada ya Waskoti waliomuunga mkono Charles Stuart, mwanamfalme aliyedai kiti cha ufalme kwa ajili ya ukoo wake, kushindwa vitani Culloden, Aprili 1746, bunge la London lilipiga marufuku mavazi ya Nyanda za Juu, yaani eneo la milima la kaskazini mwa Uskoti, kwa kila mwanamume asiye askari. Sheria ilianza kutumika Agosti 1747: kosa la kwanza kifungo cha miezi sita, la pili kupelekwa uhamishoni ng'ambo miaka saba. Ilifutwa mwaka 1782. Vazi lililowahi kumfunga babu jela halivuliwi kwa sababu tu kiti cha ndege ni chembamba. Tena kuna hesabu ya mfukoni: kilti iliyoshonwa kwa mkono ni ghali, na anayekwenda kumsimamia ndugu yake harusi huko Kanada hataki kusikia kwamba begi lake limebaki uwanja mwingine.

Sasa, kwa mwili wenyewe, kilti inafaa angani kuliko wengi wanavyodhani. Shinikizo la hewa ndani ya ndege kubwa huwekwa sawa na la mahali penye mwinuko wa kati ya mita 1,800 na 2,400, yaani kama Nairobi au juu zaidi. Aliyepandia usawa wa bahari, gesi iliyomo tumboni mwake hutanuka, na suruali iliyomkaa vizuri asubuhi humbana kufikia usiku. Mwenye kilti husogeza bizimu tundu moja, basi. Sufu nayo hutunza joto, na hunyonya unyevu wa mwili hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi umelowa. Kinachohitaji tahadhari ni soksi, kwa kuwa hushikiliwa na lastiki chini ya goti, mahali pabaya kubanwa kwa saa nyingi wakati damu ya miguuni tayari inakwenda polepole. Lastiki hizo zivuliwe. Mwenye historia ya damu kuganda miguuni amuulize daktari wake kuhusu soksi maalumu za safari. Hazipendezi na kilti, lakini hapo urembo hauna nafasi.

Kero yenyewe iko kwenye vikorombwezo. Kilti haina mifuko, kwa hiyo mbele huning'inizwa kimkoba cha ngozi kiitwacho sporran, mara nyingi kwa mnyororo wa chuma unaozunguka kiuno. Ongeza bizimu, pini kubwa kwenye pindo, na mkanda mpana wenye sahani ya chuma, na mashine ya ukaguzi lazima ilie. Marinda yenyewe ni tabaka juu ya tabaka, hivyo mkaguzi anaweza kutaka kupapasa. Viwanja vingi hukubali ukiomba ukaguliwe faragha, na hakuna aibu kuomba. Kisha kuna sgian dubh, kile kisu kidogo kinachochomekwa kwenye soksi. Hicho hakina mjadala: kiende kwenye begi la kukabidhi, la sivyo kitachukuliwa na utabaki kujieleza. Mwenye busara huvua sporran, pini na mkanda kabla hata ya kufika kwenye foleni, akavitia vyote kwenye begi la mkononi, na pasipoti akaiweka kwenye mfuko wa koti.

Kukaa kuna ufundi wake. Unaposhuka kitini, pitisha viganja vyote viwili nyuma, kutoka kiunoni kwenda chini, ukilaza marinda yaelekee upande mmoja. Ukijitupa tu, utashuka ndege na marinda yaliyokunjika hovyo, na hata pasi italalamika. Kitambaa cha mbele kiache kianguke katikati ya mapaja, magoti yakiwa karibu. Anayepanua miguu kwenye kiti cha daraja la chini anamnyang'anya jirani nafasi hata akiwa na suruali. Mwenye kilti anamwonyesha na mengine.

Ndiyo, hilo swali. Mzaha wa miaka mingi unasema Mskoti halisi havai kitu ndani. Ndani ya ndege, avae. Kiti ni cha watu wote, na mkaguzi naye ni binadamu. Sababu nzito zaidi ni dharura: ndege za abiria hutakiwa kuthibitisha kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa imefungwa, na njia ya kushukia ni telezi ya kujazwa hewa inayoweza kuchubua ngozi tupu. Sufu haishiki moto upesi wala haiyeyuki kama nailoni, hilo ni jema, lakini sketi hupanda juu unapoteleza. Kwangu mimi hiyo ndiyo hoja pekee ya maana dhidi ya kilti angani, na bukta ya pamba inayobana, yenye urefu wa hadi juu kidogo ya goti, huipunguza sana.

Atakayeamua kuipakia asiikunje kama shati. Huitandaza, hulaza marinda sawasawa, kisha huiviringisha kutoka ubavu mmoja hadi mwingine kama mkeka, ili kila rinda libaki limenyooka. Wengine huuchomeka mviringo huo ndani ya mguu mmoja wa soksi ndefu za kike za nailoni, ukabanwa usifumuke. Ukifika hotelini, itundike bafuni na ufungulie maji ya moto. Mvuke utaondoa mikunjo mingi kabla ya asubuhi.